Mimi ni wa Mausi

Shoga, uko wapi? Pokea simu! Mwenzio leo nimeumbuka mbele ya mkaguzi.

Si unajua darasani kwangu watoto watano wanatumia kompyuta moja? Nikawagawia kazi: mmoja ashike mausi, wawili wachape, mmoja asome, mmoja asahihishe. Wanakwenda kama mashine! Nikamwita mkaguzi kwa mbwembwe zote aje aone.

Akaona. Akasifu. Halafu akamgeukia binti mmoja hodari: "Hebu andika jina lako, peke yako."

Mtoto kakunja mikono. "Mimi ni wa mausi."

"Peke yako," mkaguzi akarudia.

Mtoto akanitazama MIMI. "Mwalimu, si ulisema tusiguse kazi ya mwenzetu?"

Wa mausi, shoga! Mwaka mzima! Hajui hata herufi ya kwanza ya jina lake iko wapi kwenye kibodi.

Jasho halijanikauka, mkaguzi kanivutia kiti. "Basi mwalimu, mwonyeshe wewe."

Nikakaa. Nikaanza kuwinda herufi moja moja kwa kidole kimoja, darasa zima wananihesabia.

Ndipo nikakumbuka chuoni, mimi na wewe na ile kompyuta yetu moja. Wewe ulikuwa unachapa, mimi nakusomea. Miaka miwili, shoga!

Jumatatu anarudi, anataka kumwona kila mtoto peke yake. Na mimi pia.

Kesho asubuhi nakuja kwako. Washa kompyuta, nipishe kiti. Nikikuomba unisaidie, kataa.