Kwa Nini Kitivo cha Kilimo Hulipwa Mwisho

Jumapili, alasiri. Joto la Juba leo halina adabu. Umeme hakuna, upepo hakuna, na jirani yangu hapa Munuki amewasha jenereta lake linalokohoa tangu tulipotoka kanisani. Nimekaa kwenye kivuli upande wa jikoni, simu ina chaji kidogo, na mimi nina hasira nyingi.

Mchungaji alihubiri juu ya msamaha. Nilihesabu mabati ya paa la kanisa mpaka alipomaliza.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida, kwa sababu mbili. Ndiyo lugha niliyosomea Nakuru tulipokuwa wakimbizi, na wengi wenu mnaosoma hapa ni wale wale tuliokaa nao dawati moja. Ya pili ni kwamba mtu ninayetaka kumsema leo hakijui. Kiarabu anacho, Kiingereza anacho cha kuringia, lakini Kiswahili kwake ni lugha ya madereva wa malori wanaotoka mpakani Nimule. Nitamwita Daktari Wani. Si jina lake, msihangaike kumtafuta. Ni mkuu wa Kitivo cha Kilimo katika chuo ambacho mimi ni mhasibu.

Kwa wageni wa hapa, nieleze kazi yangu. Mwezi wetu hauanzi tarehe moja. Unaanza siku fedha zinapofika, na zikifika huwa ni za mwezi ambao watu wameshausahau. Zinakuja taslimu, kwenye magunia, kutoka benki. Hatuwezi kulipa chuo kizima kwa siku moja, kwa hiyo tunalipa kwa zamu, kitivo baada ya kitivo, karibu wiki nzima. Chumba kimoja, chini ya Ustaz Samson, kinalipa watu wa utawala. Dirisha langu linalipa vitivo. Na anayepanga nani alipwe siku gani ni mimi.

Mtu asiyeishi hapa ataona hilo ni jambo dogo. Silo. Anayelipwa siku ya kwanza anapata noti mpya, na anakimbia nazo kubadilisha kwa dola kabla pauni haijateremka tena. Anayelipwa siku ya mwisho anapata zile zilizochanika na kuunganishwa kwa selotepu, ambazo wachuuzi wa soko la Jebel wanazigeuza geuza kisha wanakurudishia. Na pauni yenyewe kufikia siku hiyo imeshakonda.

Kilimo kimelipwa mwisho mara tano mfululizo. Ni mimi.

Miaka miwili iliyopita fedha za karatasi za mtihani hazikuonekana. Daktari Wani alisimama mbele ya kamati nzima ya fedha, akaninyooshea kalamu, akasema huyu binti wa kambini, nani anajua alifundishwa nini huko kambini. Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake. Wakanisimamisha kazi miezi mitatu bila mshahara, na mama yangu wakati huo alikuwa mtu wa dawa za presha kila siku. Nikauza ploti yetu ya Gumbo, ng'ambo ya mto. Mama aliinunua kidogo kidogo tangu turudi nyumbani, kwa kuuza samaki wa kukausha, na mimi niliiuza kwa asubuhi moja.

Baadaye risiti zilipatikana kwenye droo ya meza yake mwenyewe. Alikuwa amechukua zile fedha, akanunua karatasi, akasahau kuwasilisha. Alisahau, ati. Nikarudishwa kazini kwa barua ya mistari miwili. Wiki hiyo hiyo alikutana nami kwenye baraza, akanishika bega, akaniambia, "Ahlan, ya binti. Mambo yamepita, kalas." Yamepita kwake. Mimi nikivuka daraja kwenda Gumbo naona nyumba ya mabati ya buluu imesimama kwenye ploti ya mama, na kuna mtu amepanda bamia pale tulipotaka kuweka mlango.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa kazi ya kupanga malipo, nilifurahi kuliko walivyojua. Mara ya kwanza nikaweka Kilimo mwisho, na kwenye daftari la mpangilio, pale panapoulizwa sababu, nikaandika: orodha ya majina imechelewa kufika. Nikatia saini. Mara ya pili vivyo hivyo. Uongo huo niliuandika kwa mwandiko mzuri kabisa, na kila nilipomaliza nilikuwa nakunywa chai yenye sukari vijiko vitatu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuja dirishani. Alikuwa anamtuma dereva wake na barua ya uwakilishi, jambo ambalo hapa ni la kawaida kwa wakubwa, na dereva anatia saini kwa niaba yake. Haikunisumbua. Nilikuwa nampa dereva yule noti mbovu kuliko zote, nazichagua moja moja, nikimwona bwana wake akilini akizinyoosha mezani na kuapiza. Picha hiyo imenilisha miezi mitano.

Sasa nifike Ijumaa.

Ilikuwa siku ya mwisho ya malipo. Dereva alikuwa ameshachukua na kuondoka. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Rose, mama anayemwagilia miche katika vitalu vya kitivo, mtu mpole aliyerudi kutoka kambi za Uganda na ambaye watoto wake bado wanasoma Arua, kwa bibi yao. Nilimhesabia fedha zake. Hakuondoka.

"Madam," akasema, "mimi iko na swali moja tu. Sisi watu ya Kilimo tulikosea nani?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba orodha yao huchelewa.

"Hapana, madam. Hiyo orodha mimi ndiyo naleta. Siku ya kwanza, saa mbili, hii dirisha bado iko imefungwa. Mimi naweka kwa mkono ya karani yako."

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Rose hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonivuruga. Alianza kunieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba ada ya Arua inalipwa kwa shilingi za Uganda, kwamba siku ile tulipoanza kulipa mshahara wake ungetosha, lakini sasa ukibadilishwa hautoshi, na kwamba binti yake mkubwa amerudishwa nyumbani mara mbili tangu mambo haya yaanze. Safari hii ni mtihani. "Kama hakuingia hii wiki, kalas, mpaka mwaka ingine."

Nikasema pole. Kisha, kwa kuwa nilitaka kujitetea, nikaongeza jambo la kijinga. Nikamwambia hata Daktari wao anangoja pamoja nao.

Rose akacheka, kicheko cha kweli.

"Mudir, mkubwa yetu? Yeye anapata siku ya kwanza, madam, kule utawala. Nikileta orodha, mimi ndiyo ilikuwa napeleka chai yao. Kila mara yeye anahesabu pesa mpya mpya, anatia kwa bag."

Nilifunga dirisha dakika kumi, nikamwambia karani naenda msalani. Nilikwenda chumba cha Ustaz Samson. Samson ni mtu asiyeuliza maswali, ukimwomba faili anakupa faili. Nikafungua orodha za utawala za malipo yote matano. Daktari Wani yumo kwenye kila moja, kama mratibu wa muda wa jambo fulani ambalo hata sijawahi kulisikia, mshahara mzima, na saini ni yake mwenyewe, ile yenye mkia mrefu. Na kwenye orodha zangu za Kilimo yumo tena, mshahara mzima, saini ya dereva.

Mara mbili kila mwezi. Mbele yangu.

Kila mwezi Samson ananiletea jumla ya upande wake, mimi naongeza jumla ya upande wangu, naandika ripoti moja, inakwenda wizarani. Sikuwahi kufungua karatasi zake. Mhasibu yeyote anafungua. Mimi nilikuwa naangalia jina moja kwenye orodha moja, nimeridhika kwamba mtu wangu anateseka, na yeye alikuwa ameshaondoka na noti mpya tangu siku ya kwanza. Zile mbovu nilizokuwa namchagulia nadhani alikuwa anamlipa nazo dereva. Walioumia ni Rose, na mlinzi wa shamba, na wale wahadhiri vijana wanaopanga vyumba Jebel na kutembea kwa miguu mpaka chuoni.

Nilipiga picha kurasa zote kumi kwa simu. Nisiwadanganye, kwanza sikuwafikiria Rose wala nani. Nilifurahi. Nilimwona Daktari mbele ya kamati ile ile, kalamu imenyooshwa upande wake sasa. Nilimwona akiuza gari. Nilimwona akiuza ploti, na ikiwezekana ninunue mimi, nipande bamia mlangoni. Nilirudi dirishani natabasamu, na wa mwisho kwenye foleni wakadhani nimepata habari njema kutoka nyumbani.

Furaha ilidumu mpaka nilipofunga daftari la mpangilio.

Mkaguzi wa ndani nikimpelekea orodha mbili, kitu cha kwanza atakachoomba ni daftari. Atataka kujua nani alilipwa lini. Na humo, mara tano, kuna uongo wenye jina langu. Hatahitaji hata kutafuta shahidi, maana Rose ameshasema mbele ya foleni nzima kwamba orodha huletwa saa mbili asubuhi. Daktari Wani hatauliza zaidi ya hapo. Atasimama na kusema niliwaambia, binti wa kambini.

Jana nilifikiria njia zote. Naweza kumwaga chai kwenye daftari, kurasa zilowe na mambo yaishe. Naweza kutuma picha bila jina, lakini anayepanga malipo ni mimi peke yangu, hata asiye na akili atajua zimetoka wapi. Naweza kunyamaza, nikamwacha aendelee kula mara mbili, na mimi nikaendelea na mshahara wangu na dawa za mama. Hili la tatu nililifikiria kwa muda mrefu kuliko ningependa kukiri. Nilikuwa nalifikiria hata leo wakati wengine wanasali.

Kinachonikera, na nakisema wazi, ni kwamba nilichomfanyia Rose ndicho nilichofanyiwa. Mtu mwenye kalamu alikaa mbali, akaandika jambo la uongo, na mwingine akauza alichokuwa nacho. Daktari angalau alinitazama usoni. Mimi nilimwandika Rose bila hata kujua ni yeye ninayemwandika. Naona haya. Haya hii haijapunguza chuki hata kidogo, zote mbili zinakaa humu ndani zikisukumana.

Basi leo, tangu tulipotoka kanisani, nimeandika barua kwa mkaguzi. Ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa Daktari Wani, orodha kwa orodha, saini kwa saini. Niliuandika upesi, kama mtu anayekula embe, hata juisi sikuifuta. Ukurasa wa pili ni wangu: malipo matano, sababu ya uongo mara tano, na ukweli kwamba orodha ya Kilimo haikuchelewa hata siku moja. Huo umenichukua sehemu kubwa ya mchana, nao hauna hata mistari kumi na mitano.

Mama ameusoma. Aliuliza kama nitafukuzwa. Nikamwambia huenda. Akauliza kama na yeye yule atafukuzwa. Nikamwambia huenda. Akairudisha karatasi, akasema nisisahau kuweka tarehe.

Mchungaji akipenda aite hii toba. Mimi sijamsamehe Daktari na sina mpango huo mwaka huu. Kama ni lazima nianguke, nitaanguka naye, na nitahakikisha yeye ndiye anayekuwa chini. Ukurasa wa pili nimeuweka kwa sababu bila huo ataupasua wa kwanza kwa dakika moja. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama. Kuna sababu nyingine, ina watoto Arua.

Mpangilio wa malipo yajayo pia nimeshauandika. Kilimo siku ya kwanza, noti mpya, na jina la juu kabisa ni la Rose. Kama sitakuwepo ofisini wakati huo, Samson ataukuta kwenye droo yangu, naye hataniuliza chochote.

Na fedha za shule ya binti wa Rose nimezitoa. Zilikuwa za kiwanja kingine, kidogo, nilichokuwa nakiwekea akiba kimya kimya upande ule ule wa Gumbo. Si zote, ila zinaziba pengo la ada. Nimezifunga kwenye bahasha. Nimechagua noti safi.

Kesho ofisi ya mkaguzi inafunguliwa saa mbili. Rose huwa kwenye vitalu saa moja na nusu, na ndoo zake mbili za maji. Nitapitia huko kwanza, nimjibu swali lake la Ijumaa. Nitamwambia watu wa Kilimo hawakumkosea mtu yeyote, na kwamba aliyewapanga mwisho ni mimi, na kwa nini. Nimejaribu kuyasema maneno hayo kwa sauti hapa jikoni na bado hayajatoka vizuri.

Mkaguzi simwogopi, na Daktari namngoja kwa hamu. Ninayemwogopa ni mama mwenye ndoo.