Kofuli ya Banda la Gari

Geita, Jumanne. Asubuhi baridi kali, mchana vumbi. Moyo wangu mzito.

Naandika jina lake waziwazi: Elias, dereva wa akiba, Msumbwa wa Kahama. Tangu afike hapa mgodini nimemwona akilikodolea macho gari la Bwana Meneja ninaloendesha mimi. Anacheka sana yule. Mtu anayecheka na kila mtu simwamini.

Bwana anataka gari linapomsubiri mlangoni lingurume taratibu, asilisikie akinywa chai. Lakini wiki mbili hizi, kila asubuhi nikiliwasha na kugusa pedeli ya mafuta, injini inapiga kelele na mlio hautaki kushuka. Ikifika saa sita limetulia lenyewe. Nani kama si mtu anayelichezea usiku? Bwana aliniambia likipiga kelele tena nirudishe ufunguo, kazi imekwisha.

Jumamosi nikamtaja Elias kwa Bwana.

Akafukuzwa siku ileile. Alinifuata jikoni kwangu, hakucheka. "Kaka Daudi, gari lako sijaligusa. Nikuapie kwa kitu gani ndipo unisikie?" Nilimwona mnafiki.

Kwa kuwa bado yuko kambini akisubiri lori la kesho, jana nililifunga banda kwa kofuli yangu. Ufunguo wake nimelala nao shingoni.

Leo asubuhi gari likapiga kelele vilevile.

Bahati Bwana alikuwa ametangulia mashimoni. Nilizima, nikarudi nyumbani kunywa uji kwa hasira. Mke wangu akafunua sufuria ya nyama ya jana. Mafuta yalikuwa yameganda juu, meupe. Nikayatazama. Nikaacha uji, nikarudi bandani.

Tangu vita vya Ulaya vianze, oili inatolewa stoo kwa kubembeleza. Mkwe wangu alituletea kibuyu cha samli kutoka Shinyanga. Kwetu mkanda wa ngozi ukikauka unapakwa samli, ukalainika. Basi nami niliposafisha kabureta wiki mbili zilizopita, nikaipaka samli ile ekseli ndogo, kijiti kinachofungua kilango cha hewa ukikanyaga pedeli. Nilijiona fundi hasa.

Nikafungua kabureta. Samli imeganda, imeshika vumbi, kilango kikifunguka hakirudi. Jua likipanda inayeyuka. Hakuna mkono wa mtu pale, isipokuwa wangu.

Nimeosha kwa petroli, nimepangusa, sikupaka kitu. Mchana gari likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Bwana akanipiga bega: "Unaona? Tumemwondoa yule, gari limepona."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Naona aibu kuandika hayo maneno mawili. Nikisema kweli, nitarudisha ufunguo mimi, na mwanangu Kabula bado ananyonya. Nimepita mbele ya chumba cha Elias. Godoro lake limeshafungwa kamba, liko mlangoni. Akanisalimia kwa heshima. Nikatazama chini.

Kesho saa kumi na mbili nitamwashia Bwana gari. Lori la Elias linaondoka saa moja. Katikati kuna saa nzima, na ulimi ninao.

Je, nitautumia?