Lori la Jumatano

Jumapili, 6 Aprili

Wanafunga gemu letu. Tangazo limejitokeza katikati ya skrini kabla hata sijashika pedi ya kuchezea vizuri: huduma itakoma tarehe 30 mwezi huu, asanteni kwa kuwa nasi. Asanteni! Mtu anakutoa nje ya nyumba yako halafu anakushukuru kwa kukaa.

Niandike polepole, nisichanganye hasira na habari. Gemu ni la malori. Watu wawili, lori moja. Mmoja anashika usukani, mwingine anasoma ramani. Akibonyeza kitufe, mshale mwekundu unatokea barabarani. Binti yangu ndiye dereva. Yuko nyumbani, ana miaka kumi na sita. Mimi niko huku mbali kikazi, ni utingo wake. Namwita Dereva, ananiita Utingo. Kila Jumapili saa kumi jioni. Nilimwacha ana miaka tisa. Hatujawahi kusafiri pamoja hata hadi mji wa pili, lakini ndani ya lori lile tumevuka milima, tumekwama kwenye tope, tumegombana kuhusu njia ya mkato. Kwenye simu ananijibu ndiyo, hapana, nzuri. Ndani ya lori anaongea.

Sasa seva zikizimwa, hakuna lori. Diski ninayo, haina hata mkwaruzo, nimeinunua kwa jasho langu. Diski bila seva ni kisahani cha kuwekea kikombe. Eti tuhamie toleo jipya. Toleo jipya linakubali mashine mpya tu. Mashine mpya bei yake siiandiki hapa, nitachafua daftari.

Dereva aliposoma tangazo alisema basi tuendeshe taratibu. Tukaendesha taratibu.

Jumatatu, 7 Aprili

Hiyo mashine mpya mimi naijua kuliko wanaoisifu, maana ndimi ninayeishusha ghalani. Wiki hii makontena matatu. Boksi jeupe, jepesi kuliko la zamani. Nimemuuliza msimamizi kwa nini jepesi. Akasema wameondoa mahali pa kuingizia diski. Haina mdomo! Wamekata mdomo, bei wamepandisha. Kila kitu kitatoka kwenye intaneti, kwa bando lako, na ukinunua gemu hupewi kitu cha kushika. Huwezi kumwazima jirani, huwezi kuuza, huwezi kurithisha. Unalipia ruhusa ya kucheza mpaka wao watakapochoka.

Tena ina jicho. Inasoma uso wako, ikikutambua ndiyo inafungua. Uso mmoja, akaunti moja. Sisi chumbani tuko watatu, televisheni moja, mashine moja tuliyochangia, akaunti moja. Tumeiita Chumba cha Sita. Itasoma uso wa nani?

Mwenzetu mpakarangi anaitetea. Picha zake, anasema, ni safi mpaka unaona jasho likimtiririka mchezaji shingoni. Nikamwambia jasho ninalo la bure, sihitaji kuliagiza.

Lakini nimeandika jina langu. Niseme kweli. Maboksi yanayobonyea wakati wa kushusha huwekwa rafu ya mwisho, na kila mwisho wa mwezi wafanyakazi huchezeshwa kura ya bahati, anayebahatika anauziwa kwa bei ya kutupa. Safari hii kuna mawili ya mashine mpya. Kura ni tarehe 30, Jumatano, saa kumi jioni, palepale ghalani. Asiyekuwepo jina lake linachanwa. Nikipata nitampelekea Dereva. Langu nitajua baadaye.

Jumapili, 13 Aprili



Tulikuwa tunashuka mlima. Nikachelewesha mshale, tukapita njia panda. Dereva akacheka. Akasema: "Baba, wewe wa Jumatano unasoma ramani vizuri kuliko wewe wa Jumapili. Ila wa Jumatano huongei."

Jumatano! Jumatano nina zamu mbili, natoka alfajiri narudi watu wamelala. Sijawahi kugusa pedi siku ya Jumatano tangu nihamie humu.

Sasa mtu mwenye akili angesema hivyohivyo. Mimi nikasema kipaza sauti kinasumbua siku hizo. Sijui kwa nini. Nilisikia raha iliyokuwa kwenye sauti yake, nikaona haya kuiharibu. Uongo mmoja ukazaa wa pili papo hapo, maana akauliza, polepole, kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu: "Na lile jambo nililokwambia, umelifikiria?"

Nikasema bado nalifikiria.

Nilipozima mashine nikageuka. Mpakarangi hayupo Jumatano, ana kibarua. Anayebaki ni mmoja. Mzee tunayemwita Kimya, msafisha ofisi, Jumatano ndiyo siku yake ya mapumziko. Alikuwa amekaa kitandani anakunja soksi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemfokea Kimya mpaka jirani akagonga ukuta. Mtu mzima! Binti wa mwenzako! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Akaniacha nimalize. Kisha akaeleza, na kwake hayo ni maneno ya mwaka mzima. Miezi mitano iliyopita mashine ililia ti-ti-ti, Dereva ameona Chumba cha Sita kiko hewani, anaita. Kimya hajui gemu. Akabonyeza kitufe ili kuzima kelele. Kumbe amepanda lori. Akaona linatembea, barabara ina giza, mtoto yuko kwenye usukani, hana wa kumwonyesha njia. Akaona aibu kushuka. Kipaza sauti hajui hata kinapochomekwa. Akabonyeza mishale mpaka walipofika. Jumatano iliyofuata mashine ikalia tena.

Nikamuuliza binti yangu alimwambia nini.

"Hakuniambia mimi," akasema. "Alikuambia wewe. Wewe ndiye hukuwepo."

Nikatoka nje. Nimezunguka jengo mara tatu na kandambili.

Jumatano, 16 Aprili

Zamu mbili. Pedi zilizokuja na mashine mpya vijiti vyake vya kuongozea vinahama vyenyewe, mpya kutoka kwenye boksi! Tumejaribu mbili pale ghalani. Unamwambia mtu aende mbele, anaenda kushoto. Zamani pedi ilikufa baada ya watoto kuing'ata miaka mitatu.

Saa kumi nilikuwa juu ya ngazi nikijua lori linaondoka bila mimi. Kimya anasikia. Mimi nabeba maboksi.

Jumapili, 20 Aprili

Nimefanya ujinga mkubwa kuliko wa wiki iliyopita.

Dereva alianza tena. Kuhusu lile jambo, Baba. Anasema Jumatano alinieleza yote na bado sikujibu, na siku zinakwisha. Ningeweza kusema mwanangu, rudia, sikusikia. Maneno matatu. Lakini angeuliza kwa nini sikusikia. Nikajipa moyo: ni mtoto mwenye akili, atakuwa anataka kujiunga na timu, au kusuka nywele, au viatu. Nikasema afanye anachoona ni sawa.

"Kwa hiyo umekubali?"

Nikasema nimekubali.

Alipiga honi. Honi ndefu, bonde zima. Sijawahi kumsikia na furaha ile, na mimi nikafurahi kama mpumbavu anayeshangilia bao asilojua limefungwa na nani.

Kimya alikuwa anapiga pasi. Akainua pasi, akaniangalia. "Umekubali nini?" Akachomoa waya, shati nusu limenyooka nusu halijanyooka, akatoka.

Jumatano, 23 Aprili

Mpakarangi alirudi mapema. Anasema mashine ililia ti-ti-ti karibu saa nzima. Kimya alikaa anaiangalia na hakuigusa.

Jumapili, 27 Aprili

Dereva alikuwa na haraka. Aliendesha kwa kasi, akagonga uzio, hakucheka. Akauliza mbona Jumatano sikupanda. Nikasema kazi. Akasema sawa. Halafu akasema Alhamisi ndiyo siku yenyewe, begi ameshafunga, mama yake hajui, na kwamba Jumatano ya mwisho nisikose, tuage lori.

Begi. Usingizi hauji.

Jumatatu, 28 Aprili

Kimya amesema. Nilimkuta amenisubiri mlangoni, amevaa sare yake ya kazi, ndoo mkononi.

Akasema ameona ni dhambi kunyamaza sasa. Ulishakubali, basi ujue ulichokubali. Dereva anaacha shule. Mjomba wake ana lori la kubeba mchanga, la kweli, amemwambia atamfundisha. Alhamisi anaondoka naye. Amepiga hesabu zake mwenyewe: akianza kazi mwaka huu, baada ya mwaka mmoja baba yake hatahitajika huku. Atarudi nyumbani.

Nikakaa kwenye ngazi. Kimya akasema kitu kimoja zaidi. Kila Jumatano, wakifika mwisho wa safari, Dereva alikuwa anamuuliza utingo wake: "Umechoka, Baba?" Na Kimya, asiye na la kusema, alikuwa anabonyeza mshale mmoja. Mshale mmoja ilikuwa ndiyo.

Miezi mitano mtu mwingine amekuwa akimwambia mwanangu kwamba nimechoka! Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira nikaikosa. Si nimechoka?

Jumanne, 29 Aprili

Nimepiga simu nyumbani. Mama yake akapokea, akaanza habari za paa. Nikaomba Dereva. Akaja, ndiyo, hapana, nzuri. Mama yake namsikia pembeni, anakosha vyombo. Nikasema kuhusu lile jambo — akanikata. Akasema tutaongea kesho kwenye lori. Akarudisha simu.

Ningeweza kumwambia mama yake palepale. Ulimi ulifika kwenye meno. Lakini Dereva aliniamini mimi, au mtu aliyedhani ni mimi, na nikimsaliti kwa simu iliyoshikwa na mama yake hatanipandisha tena gari lolote.

Nimemwomba msimamizi ruhusa ya kesho. Akanikumbusha kura, kwa wema kabisa. Waliobaki kwenye orodha ni saba tu, akasema, na maboksi mawili. Asiyekuwepo jina linachanwa.

Nikasema lichanwe.

Jumatano, 30 Aprili

Saa tisa na dakika hamsini. Naandika kwenye goti. Nitaeleza kwa nini nina nafasi ya kuandika.

Nimewasha mashine saa tisa na nusu, mapema, mtu wa heshima zake. Ikasema kuna sasisho la lazima. LAZIMA. Gemu linakufa leo usiku wa manane na wanataka lisasishwe kwanza! Siku ya kuzika wanampeleka maiti kwa kinyozi. Gigabaiti kumi na moja. Nikabonyeza hapana, likanitoa nje. Nikabonyeza ndiyo.

Asilimia 40.

Sijui wanaokaa huko na kuamua haya ni watu wa namna gani. Mashine isiyo na mdomo, pedi isiyojua kushoto, jicho la kukagua sura. Wangejua tu kwamba kuna mtu anatumia mchezo wao kulea mtoto, pengine wasingebadilisha kitu. Lakini wajue.

Asilimia 63. Kimya amekaa kando yangu. Nilimwomba. Mwanzo alikataa, akasema lori ni lenu. Nikamwambia mimi nikiongea siwezi kusoma ramani, nitampoteza mtoto. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba sitaki kumweleza Dereva habari za Jumatano huku mwenye Jumatano hayupo. Amenawa mikono. Pedi anaishika kama sahani ya watu.

Nitakayosema nimeyaandika ukurasa wa nyuma, kisha nimeyafuta. Niliishia darasa la sita, na hata hivyo najua hayana mpangilio mzuri. Kwamba aliyekubali hakujua anakubali nini. Kwamba aliyesikia hakuwa mimi. Kwamba nimechoka, hilo ni kweli, aliyelisema hakudanganya. Na kwamba asiache shule kwa sababu hiyo. Nikianza na lipi, mengine yote yanaanguka.

Asilimia 88. Ghalani sasa wanakusanyika kwenye rafu ya mwisho.

Ti-ti-ti. Ameshafika. Jina lake linawaka kijani, ananisubiri uwanjani, ndani ya lori.

Asilimia 96. Kimya ananiuliza kwa macho. Kipaza sauti kiko mkononi mwangu, waya haujaingia.

Limefunguka. Taa za lori zimewaka. Kimya amebonyeza mshale wa kwanza, moja kwa moja hadi langoni, mzuri kuliko wangu wote. Lori haliondoki. Dereva hajakanyaga mafuta.

"Baba," anasema. "Leo ni wewe yupi?"

Nachomeka waya.