Mbuzi ya Nazi ya Tatu

Jumanne, baada ya Isha

Leo hakulalamika!

Mbuzi ya kwanza niliyombunia, mama alisema inayumba. Ya pili, ati imeinuka kama kiti cha bibi harusi. Nilinuna, maana nilizibuni kwa kuyahurumia magoti yake yanayomuuma. Nikaanza kushuku kama kazi hii ya kubuni vyombo naiweza.

Leo kaikalia ya tatu, akakuna nazi huku akinisimulia harusi ya Makadara: nani kavaa nini, nani kanuna. Alipomaliza akainuka bila kushika ukuta.

"Mama, waionaje hii mpya?"

"Mpya ipi, mwanangu?"

Chombo kikifaa, mtu hukisahau. Nilicheka hadi akaniuliza nina nini. Sikumwambia. Nikimwambia, ataanza kuiona.