Baba, Nenda Ukapimwe Macho

Munyaka, Eldoret
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote, nikiomba barua hii ikukute mzima na mwenye nguvu. Goti linasemaje sasa ukungu wa Wundanyi umeanza kushuka? Mghoi aliniambia umekataa kuvaa lile sweta nililotuma, eti ni la wazee. Livae, Baba. Mimi nala vizuri, na baridi ya huku nimeizoea. Mahindi yamevunwa, barabara ya kutoka Moiben imejaa matrekta yanayovuta trela za magunia. Mama Chebet, mwenye nyumba hii ninayopanga, bado ananiletea maziwa asubuhi na kuniuliza ni lini utakuja kututembelea.

Mghoi mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Tafadhali usiruke mahali popote, hata ukifika panapokuhusu wewe.

Baba, nimeandika kwa sababu jambo hili lilikataa kutoka kwenye simu. Nilikupigia nikiwa nimejipanga kukuambia, ukaniuliza nimeruka wapi juma hilo, nikaishiwa na maneno. Sasa nasema: siendeshi ndege tena. Sijaanguka, sijagombana na mtu, wala kampuni haijanifukuza. Ni macho.

Unajua kila mwaka lazima nipimwe na daktari wa marubani. Asipokupa cheti cha afya, hurushi ndege, hata uwe na leseni ya namna gani. Safari hii niliingia kama kawaida. Nikasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa chini kabisa, zile ndogo kama sisimizi, bila miwani. Nilikuwa nimeshachukua koti langu daktari aliposema, "Ngoja kwanza." Akapima presha ya jicho moja, kisha la pili, kisha akarudia yote mawili.

"Kwenu kuna mtu aliyepofuka?" akaniuliza.

Nikamwambia ni nyanya yangu, mama yako wewe, lakini kwake ulikuwa uzee tu. Akanituma kwa mtaalamu wa macho hapa Eldoret.

Huko niliwekwa mbele ya mashine inayofanana na bakuli kubwa jeupe. Unaegemeza kidevu, jicho moja linafunikwa, unatazama katikati. Muuguzi akanielekeza, "Ukiona taa ndogo pembeni, bonyeza hapa. Usiitafute na macho." Nikaanza kubonyeza. Taa zilikuja, kisha zikakoma. Nikangoja. Zikaanza tena, zikakoma tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi. Tulipomaliza nikamwambia, "Sister, mashine yenu inakwamakwama."

Akaniangalia kwa huruma. "Haikukwama, madam. Taa zilikuwa zinawaka wakati wote."

Baba, yale maneno aliyasema kwa upole kabisa.

Daktari mwenyewe alikuja akasimama nyuma yangu. Akaniambia nitazame ukutani, akaanza kuleta kalamu kutoka upande wa kushoto, polepole. "Niambie ukiiona." Nilipoiona ilikuwa karibu iguse pua yangu. Akaketi, akanieleza. Ugonjwa huu watu huuita presha ya macho. Hauumi na hauwashi. Unakula mshipa wa jicho taratibu kuanzia pembeni, na wewe unaendelea kusoma gazeti na kutambua watu wakiwa mbele yako, ukijiona mzima. Jicho langu la kushoto limeharibika sana, la kulia limeanza, na upande wa kushoto yote mawili hayaoni vizuri.

"Kilichopotea hakirudi," akasema. "Dawa ni ya kulinda kilichobaki."

Hapo nikakumbuka kundi la korongo, wale ndege wenye miguu mirefu. Ilikuwa kabla ya kupimwa. Tulikuwa tumetoka Lodwar tumembeba mama mmoja na mtoto wake mchanga, mgonjwa, wa kuletwa hospitali Eldoret. Tulikuwa tunashuka kuelekea uwanjani. Mimi nahodha huketi kiti cha kushoto, na dirisha la kushoto ni langu kuliangalia. Kibet, msaidizi wangu, alipiga kelele kutoka kiti cha pili, "Korongo kushoto! Kapteni, kushoto!" Nikageuza ndege kulia, kundi zima likapita karibu na bawa. Nilidhani wametoka kwenye wingu. Kumbe Kibet, aliyekuwa mbali zaidi na dirisha lile, aliwaona kabla yangu. Mama yule alikuwa amemkumbatia mtoto, hakujua lolote. Tulipotua alinishika mikono akaniombea baraka kwa Kiturkana.

Nilimweleza Kibet majibu ya daktari tukiwa tumeketi kwenye kibanda cha chai nje ya uwanja. Wewe humjui, ni kijana wa Burnt Forest, mtu mtaratibu, na tumeruka pamoja miaka mingi. Akasogeza kiti karibu nami.

"Wakesho, nikuambie kitu. Hao wa macho bado hawajapeleka ripoti. Kuna daktari mwingine Nairobi, yeye hasumbui watu. Unasoma ule ukuta, anakupigia muhuri. Herufi si unaziona?"

"Naziona."

"Basi. Na upande wa kushoto mimi nitakuangalilia. Si niliwaona wale korongo?"

"Na siku umepangwa na mwingine?"

Najua alisema kwa mapenzi, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamwambia, "Kibet, yule mama wa Lodwar hakuuliza kama naona. Alipanda tu." Tukanywa chai yetu mpaka ikaisha.

Siku iliyofuata nilipeleka majibu yangu mwenyewe kwa bosi, nikaomba nisipangiwe safari. Madaktari wa serikali wanaosimamia marubani waliniita Nairobi, wakanipima upya kwa kila njia. Nilikuwa na tumaini, sitakuficha. Wapo marubani wenye presha ya macho ambao bado wanaruka, kwa sababu waligunduliwa mapema. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, aliniambia ana kwa ana badala ya kunitumia majibu: "Binti yangu, ungekuja miaka michache nyuma tungekuacha uruke. Sasa hatuwezi." Nikamshukuru. Nikafika hadi chooni ndipo nikalia.

Kampuni imenipa kazi ofisini. Napanga safari, natazama hali ya hewa, naongea na marubani kwa redio. Siku ya kwanza ndege yangu iliondoka na nahodha mwingine, Kibet kando yake. Nilisimama dirishani nikawatazama wakipanda mpaka wakapotea upande wa Cherangani. Wasichana wa ofisi walijifanya wanatafuta kitu mezani ili nisione wananiangalia. Kazi ni ya heshima na naifanya vizuri. Lakini Baba, ndege ikiunguruma nje, mikono yangu bado inajua la kufanya, na haina pa kwenda.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Daktari wa macho alisema ugonjwa huu unatembea katika damu. Akaniuliza kuhusu wewe. Nikafungua mdomo kusema uko sawa, nikakuona mbele yangu Krismasi iliyopita. Ulimimina chai kando ya kikombe ukasema Mghoi amekisogeza. Unapita dukani, mtu anakusalimu kutoka ubavuni, huitikii, na majirani wanasema mzee amekuwa na maringo kwa sababu binti yake anarusha ndege. Unashuka ngazi za kanisa ukipapasa ukuta. Na nyanya alianza hivyohivyo, akaishia kuongozwa kwa mkono kwenda msalani, sisi sote tukasema ni uzee.

Na bado unaendesha pikapu. Unashusha kabichi Mwatate kwenye zile kona, na najua watoto wa shule wakikusimamisha unawapakia nyuma. Nakujua, utasema barabara ile unaifahamu hata ukifumba macho. Mimi pia niliufahamu uwanja wa Eldoret.

Mghoi, hapa ndipo panapokuhusu. Chukua funguo za pikapu leo, umshushie Baba mzigo wewe mwenyewe, na nawe upimwe. Wewe ni damu ileile.

Baba, usimkasirikie. Hajakuomba yeye, nimekuomba mimi. Hakuna aliyenilazimisha kutoka kwenye kile kiti, na hakuna kitu nilichokipenda zaidi. Najua ninachokuomba kina uzito gani.

Nimepewa ruhusa mwisho wa mwezi. Nitakuja kwa basi, na tutaenda wote watatu hospitali ya Voi, tuketi kwenye benchi moja. Ukiitwa kwanza nitakushikia kofia.

Nisalimie shangazi, dada yako, na umwambie kwa sababu hii hii aje nasi. Msalimie pia mchungaji, umwombe asitangaze habari yangu kanisani mpaka nifike. Na yule jirani anayesema una maringo, mpe salamu zangu za pekee, umweleze ukweli kwamba hukumwona.

Mimi bado naona mbele vizuri, Baba. Nikiingia pale mlangoni nitauona uso wako wote. Nataka nawe uendelee kuuona wangu kwa miaka iliyobaki.

Ni mimi binti yako,
Wakesho