Bajeti ya Msiba wa Manyovu

Kasulu, Jumanne

Leo ofisini tulikaa kupanga bajeti ya kwenda Manyovu, kumpa pole mwenzetu Neema aliyefiwa na mama yake. Nauli, sawa. Lakini mwenyekiti wa kamati akaongeza posho, nyama choma na soda za njiani, mpaka rambirambi yenyewe ikabaki elfu ishirini.

"Neema ataelewa," akasema. Wakacheka.

Na mimi nikasaini.

Jioni Neema akanipigia mwenyewe. "Dada, mnakuja wangapi? Tumeuza kahawa ya mama iliyokuwa imebaki stoo, tuwapikie vizuri. Huku milimani baridi, mje na masweta."

Nilitaka kumwambia asipike chochote. Nikasema tu, "Kumi na wawili."

Akashukuru! Nikajiona mwizi.