Mbegu ya Mtindi wa Mama

Jumapili, 3 Machi

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Baba anakohoa kidogo. Nimejiahidi kukueleza yote bila kuficha.

Unakumbuka mtindi wa Mama? Tangu alipofariki nimeuendeleza mimi. Kila jioni natia kijiko cha mtindi wa jana, ndiyo mbegu, kwenye maziwa mapya, na asubuhi jikoni kunanukia kama enzi zake. Sasa tangu Jumatano hayagandi. Yanabaki maji maji.

"Mwaga, binti yangu," Baba alisema. "Nitanunua wa dukani."

Nililificha bakuli nyuma kabisa ya friji. Wewe unafanya kazi na vijidudu. Niambie, mbegu ya Mama imekufa?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu inalalamika kwa kusimama maabara. Nilipoisoma barua yako nilimwona dada yangu akilamba kijiko, mara ya nne, akijifanya anaonja.

Nahisi mbegu imevamiwa na virusi. Usiogope, hawa hawamgusi mtu. Wanawinda bakteria tu. Hata tumboni mwako wamejaa, na kazi yangu ni kuwachunguza. Bakteria wa aina moja wakizidi utumboni, virusi wao huwapunguza, na wanyonge waliobanwa pembeni hupata nafasi. Ndivyo tumbo linavyobaki na aina nyingi.

Mtindi wa nyumbani nao una aina nyingi. Huenda wapo bakteria ambao virusi hawa hawakuwaweza. Usimwage. Chemsha maziwa, yapoe hadi vuguvugu, tia kijiko cha mbegu hiyo, na urudie kila siku. Sikuahidi kitu.

Mama yako mdogo

30 Machi

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole na miguu. Kikohozi cha Baba kimeisha.

Siku barua yako ilipofika, Baba alikuwa ameshika bakuli juu ya sinki. "Hili nalo linasubiri nini?"

"Linasubiri hii," nikasema, nikamsomea.

Alilirudisha bakuli mezani. Kisha akachemsha maziwa mwenyewe, na jioni zilizofuata pia. Yalibaki maji tu, hadi nikaanza kukata tamaa. Jana asubuhi niliinamisha bakuli, hayakumwagika.

Baba alionja, akafumba macho. "Mkali kuliko wake." Akachota tena, na tena, akijifanya anahakikisha.

Nimekuwa nikiwaza. Bakteria waliogandisha maziwa haya si wale waliotamba siku za Mama. Ni wale wa pembeni, lakini walikuwemo bakulini mwake siku zote. Nijibu upesi: huu bado ni mtindi wa Mama?

Mwanao